Theluthi ya Mwenzako



Juma lililopita tulipokea barua ya mama mmoja, imeandikwa kwa mkono wa binti yake. Jina na mtaa tunavificha, kwa kuwa ndivyo alivyotaka mwenyewe. Anaye mtoto wa kiume, kijana wa miaka 22, ambaye riziki yake ni kupiga mbizi. Mama alikuwa amekwisha kulizoea jambo hilo. Babu yake kijana alikuwa mtu wa bahari, na huku kwetu ni nadra kuipata nyumba isiyokuwa na mtu wa bahari. Lakini miezi hii ya karibuni kijana humwonyesha katika simu picha za watu wanaoingia na mitungi ya hewa ndani ya mapango yaliyojaa maji, mahali ambapo mtu akiinua kichwa haoni mwangaza wa jua bali mwamba. Asema hiyo ndiyo kazi anayotaka kujifunza. Mama atuuliza mambo mawili. La kwanza, je, kazi hiyo si kujiua? La pili, je, anayo haki ya kumkataza?

Kabla ya kujibu tulikaa kitako tukasoma. Hatukupenda kutoa hukumu juu ya kitu tusichokijua, maana sisi tunaoitwa masheikh mara nyingi tumeponzwa na haraka hiyo. Katika kusoma tukakutana na habari za mtu mmoja, Mmarekani, si wa dini yetu, aliyefariki mwaka 1994. Tumeona afadhali tumsimulie yeye kwanza, kisha tumrudie mama.

Aliitwa Sheck Exley. Alizaliwa tarehe 1 Aprili mwaka 1949 katika mji wa Jacksonville, jimbo la Florida. Nchi ya huko, chini ya udongo wake, ni mawe ya chokaa yaliyoliwa na maji kwa dahari nyingi hata yakawa na matundu na njia za ndani kwa ndani. Msomaji wetu aliyepata kuchungulia kisima kilichochimbwa katika mwamba wa matumbawe anaweza kupata picha, ila huko kisima chenyewe huwa mdomo tu. Ndani yake mna vyumba na vijia vinavyokwenda kilomita kadhaa, vyote vimejaa maji baridi yaliyo safi kama kioo. Maji hayo hutokeza juu kwa chemchemi, na watu huogelea humo kwa furaha. Mwaka 1965, Exley akiwa na miaka 16, alianza kupiga mbizi, na mwaka huohuo akaingia pango lake la kwanza. Hakutoka tena katika mapenzi hayo. Alipotimiza miaka 23 alikuwa amekwisha kuingia katika mapango ya maji mara 1,000, na hakuna mtu duniani aliyemtangulia kufikia hesabu hiyo. Katika umri wake wote, miaka 29 ya kazi hiyo, aliingia zaidi ya mara 4,000.

Wala haikuwa ndiyo kazi iliyompa mshahara. Siku za juma alikuwa mwalimu wa hesabu katika skuli ya sekondari ya mji mdogo wa Live Oak. Sisi tuliosomeshwa hesabu kwa fimbo tunawaonea kijicho kidogo wanafunzi wale: walifundishwa kugawa na kutoa na mtu ambaye, lau angekosea kugawa na kutoa siku ya Jumamosi, Jumatatu asingefika darasani.

Hapa inatupasa tumweleze msomaji hatari yenyewe, kwani si ile aijuayo mvuvi. Aliye baharini akipatwa na lolote huelekea juu. Huenda akaumia kwa kuibuka upesi, lakini juu ipo. Aliye pangoni hana juu. Njia yake ya kutokea ni ileile aliyoingilia, hata ikiwa ni mwendo wa nusu saa. Zaidi ya hayo, sakafu ya pango imelala tope laini mno. Mtu akilitimua kwa mguu mara moja tu, maji yaliyokuwa kama kioo hugeuka kama maziwa, na tochi hata ingekuwa kali namna gani humwonyesha weupe mtupu. Basi hufa mtu mwenye afya na nguvu, hatua chache kutoka mlangoni, kwa kuwa hakujua mlango uko upande gani.

Walikufa wengi namna hiyo huko Florida katika miaka ya sitini na sabini, aghalabu vijana, na baadhi yao walikuwa walimu wa kupiga mbizi baharini waliodhani kwamba maji ni maji tu. Nani akawatoe? Polisi hawakuwa na ujuzi wa kuingia humo. Walikuwa wakimwita Exley na wenzake. Mara nyingi mwalimu huyu wa hesabu aliingia katika giza lile kumtafuta mtu ambaye alijua tangu mwanzo kuwa hatamkuta hai.

Tukumbushane jambo hapa. Mwezi wa Septemba mwaka 2019, gari lilipoteleza kutoka kwenye feri ya Likoni, na ndani yake mama na binti yake mdogo, Mombasa nzima ilisimama ufuoni. Zilipita siku 13 kabla ya gari kutolewa katika kina cha mita 58 hivi. Sote tuliona namna jamaa walivyokuwa wakiyatazama maji. Sisi Waislamu tunajua haki za maiti: aoshwe, akafiniwe, aswaliwe, azikwe. Asiyepata mwili wa mtu wake hubaki na mlango uliofungwa nusu. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba kazi ya kupiga mbizi ni mchezo wa wasio na la kufanya. Siku ile wapo waliokuwa wakiwaombea dua wapiga mbizi ambao jana yake wasingewapa hata kiti.

Turudi kwa Exley. Jambo lililotufanya tumheshimu ni kwamba hakutosheka na kuwatoa maiti. Aliwauliza, kama tunavyoweza kusema, kilichowaua. Alikusanya habari za kila ajali, akazipanga, akatafuta yaliyofanana. Mwaka 1979 alitoa kitabu kidogo juu ya misingi ya kazi hiyo, na kila mlango wa kitabu hicho aliufungua kwa kisa cha ajali iliyotokea kweli, kisha akalijenga somo juu yake. Akaonyesha kwamba vifo vile, pamoja na wingi wake, havikuwa na sababu nyingi. Mtu hakuwa na kamba ya mfululizo kutoka mlangoni hadi alipo. Au hakuweka akiba ya hewa ya kumtosha kutoka. Au alikwenda kina ambacho hewa ya kawaida humlevya mtu. Wenzake baadaye waliongeza mafunzo ya pangoni na taa za akiba. Basi. Mamia ya kurasa za misiba zikawa sababu chache ambazo mtoto wa madrasa aweza kuzihifadhi kwa asubuhi moja.

Katika hayo, lile la hewa ndilo lililotusimamisha. Kanuni yasema hivi: hewa uliyonayo igawe mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la kwenda. Likiisha, geuka, hata kama mbele yako kuna chumba ambacho jicho la mwanadamu halijapata kukiona. Fungu la pili ni la kurudi. Na la tatu? La tatu si lako. Limewekwa kwa ajili ya dharura, na dharura kubwa wanayoihofia ni mwenzako kuharibikiwa na chombo chake kule mwisho kabisa wa safari, mkabaki watu wawili kwa pumzi za mmoja. Aliyegawa nusu kwa nusu atatoka peke yake, au hatatoka yeyote. Aliyeweka theluthi ya mwenzake ana hewa ya kuwatoa wote wawili.

Ndiyo maana Exley alikuwa miongoni mwa waliosisitiza kwamba kila anayeingia pangoni abebe kipumulio cha pili, na cha kumpa mwenzake kiwe na mpira mrefu, ili waweze kupita mmoja nyuma ya mwingine panapokuwa pembamba. Yaani tangu nyumbani, mtu anapofunga vyombo vyake, amekwisha kukata shauri kwamba atampa mwenzake.

Msomaji wetu bila shaka amekwisha kufika tunakokwenda. Mtume wetu (s.a.w.) alitufundisha kuligawa tumbo mafungu matatu, na fungu la mwisho akalifanya la pumzi. Katika mirathi nako, mwenye mali anayetaka kuusia hawezi kuvuka theluthi, kwani iliyobaki ina wenyewe. Hatusemi mwalimu yule wa Live Oak aliyapata hayo kwetu. Twasema tu kwamba akili iliyokaa na mauti kwa muda mrefu, ikayatazama kwa adabu, imefika mahali ambapo sisi tulikwisha kuonyeshwa. Na twaona haya kidogo, maana ni wangapi kati yetu huondoka mezani wakiwa wamebakisha nafasi ya pumzi?

Lau habari ingeishia hapo tungemjibu mama kwa mistari mitatu. Haikuishia hapo.

Exley alikuwa na tamaa ya pili, nayo ni kina. Kila mita 10 za maji huongeza juu ya mtu uzito uliolingana na ule wa hewa yote iliyo juu ya kichwa chake hapa nchi kavu. Ukifika mita 264, jumla ni kama mara 27, na pumzi moja huko hula hewa ya pumzi 27. Mtungi unaotosha saa nzima juu ya maji, huko hutosha dakika mbili na kitu. Tena hewa yenyewe hugeuka sumu. Naitrojeni, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya hewa tunayovuta, humlevya mtu akipita mita 30 au 40. Mtu ambaye hajapata kuonja tone la kileo huanza kucheka na kusahau. Kwa hiyo hupunguza naitrojeni na kuchanganya heliamu, gesi ile ya maputo ya sherehe. Heliamu nayo, kina kikizidi mno, huutetemesha mwili. Na baada ya yote hayo mtu haruhusiki kupanda moja kwa moja, kwa sababu gesi iliyoingia katika damu itatoka kwa povu kama soda iliyotikiswa ikafunguliwa. Hupanda kituo kwa kituo, akining'inia kwenye kamba, akibadilisha mitungi, saa baada ya saa.

Mjerumani mmoja, Jochen Hasenmayer, alikuwa amekwisha kufungua njia hiyo. Mwaka 1983 alishuka mita 205 katika chemchemi ya Vaucluse, Ufaransa. Exley alikwenda Mexico, kwenye chemchemi ya mto Mante. Mwaka 1988 alishuka mita 238. Mwaka uliofuata akashuka mita 264. Dakika chache za kushuka alizilipa kwa zaidi ya saa kumi za kupanda. Mwaka 1993 alikwenda Afrika Kusini, kwenye shimo liitwalo Boesmansgat, akashuka mita 263. Huko mwili ulimtetemeka na macho yakafanya kiwi, lakini akarudi.

Kisha ikaja Zacatón. Ni shimo la maji katika jimbo la Tamaulipas, Mexico, duara, kuta zake zimesimama wima, na juu ya maji yake huelea visiwa vya nyasi vinavyosukumwa na upepo. Wakati huo hakuna aliyejua chini yake ni wapi. Mwaka 2007 roboti iliyotumwa humo ilipima zaidi ya mita 300. Tarehe 6 Aprili mwaka 1994, siku tano baada ya kutimiza miaka 45, Exley alizama humo pamoja na Jim Bowden, kila mmoja kwa kamba yake. Walitaka kufika chini. Bowden alipita mita 280, akaona hewa yake imepungua kuliko alivyotazamia, akageuka. Waliokuwa juu walikuwa wakitazama povu la watu wawili. Likabaki la mmoja.

Siku chache baadaye, kamba na mitungi ilipokuwa ikivutwa, mwili wa Exley ulipanda nayo, kamba imemzunguka. Kifaa chake cha kupimia kina kilionyesha kwamba alifika baina ya mita 268 na 276. Waliochunguza hawakukubaliana juu ya sababu. Wapo waliosema ni ule mtetemeko, wapo waliosema ni hewa. Mtu aliyetumia nusu ya umri wake kueleza vifo vya wenzake, chake mwenyewe hakikupata maelezo.

Tumelitafakari jambo hili siku kadhaa. Hukumu ya roho ya mtu si yetu, iko kwa Mola wake. Lakini juu ya kitendo twaweza kusema tunavyoona. Katika sura ya Al-Baqara tumekatazwa kujitia wenyewe katika maangamizi. Je, Exley alivuka mpaka huo mara zote 4,000? Hatuoni hivyo. Mtu anayeingia na kamba, na hesabu, na fungu la mwenzake, hata kama mahali penyewe panatisha, hakujitupa, amejipima. Mjenzi wa ghorofa naye yuko juu hewani, na hatumwambii kwamba amejiua. Wanazuoni wetu huitazama dhana iliyo ghalibu: je, kinachotarajiwa zaidi ni salama au ni kuangamia? Katika mapango ya Florida, kwa mtu aliyefunzwa, ni salama. Kule chini ya Zacatón twaona mizani iligeuka. Na alama ya kugeuka kwake, kwetu sisi, ni kwamba ile theluthi haikuwapo tena. Kwa kina kile, hata mwenzako akiwa mita chache kutoka kwako, huwezi kumfikia wala hawezi kukufikia. Kila mmoja ana hewa ya kumtosha mwenyewe kwa shida. Kanuni aliyoifundisha ilikuwa ya watu wawili, naye akaenda mahali pa mtu mmoja. Huenda wenye kazi yao watatukosoa, nasi tutawasikiliza.

Sasa mama. Kazi yenyewe si haramu. Haki yako ya kumkataza twaiona iko karibu na haki ya kuuliza na kujibiwa sawasawa, bila ya kuambiwa kwamba wewe hujui. Wanazuoni wamesema mengi juu ya idhini ya wazazi katika safari ya hatari, na kijana asiyaone hayo ni maneno ya kale. Lakini tukikuambia kweli, mama yetu, mapango ya Marekani hayatutii hofu juu ya mwanao kama yanavyotutia hofu maji ya hapa hapa.

Tunawajua vijana wa pwani hii wanaozamia majongoo ya bahari, yale yanayokaushwa na kupelekwa Uchina kwa bei kubwa. Ya kina kifupi yamekwisha, basi huyafuata chini zaidi. Mtungi si wao, ni wa tajiri. Hawakufundishwa kupanda kwa vituo. Huzama, huibuka, huzama tena mara nyingi kwa siku, na yupo anayerudi nyumbani akasema magoti yanamuuma, akasuguliwa mafuta ya nazi, na kesho yake hana miguu. Tumeswalia mmoja. Hatukusikia siku ile mtu akiuliza ni nani aliyeujaza mtungi wake, wala ulijazwa kiasi gani.

Alhamisi baada ya Alasiri tulimwita kijana huyu na mamake. Ni kijana mwenye adabu, akatuamkia, akakaa. Tulimpa karatasi na kalamu tukamwomba atuonyeshe anavyoigawa hewa yake. Akaandika 200, ndicho kipimo cha mtungi uliojaa. Akaondoa 20 pembeni, akasema ile haihesabu. Akagawa 180 kwa tatu, akaandika 60. "Kipimo kikifika 140 nageuka, sheikh." Alikuwa amekwisha kuisoma hesabu ya yule mwalimu katika simu yake, wala hatukuwa na la kumwongezea.

Mama, ambaye muda wote alikuwa kimya, aliinama akaitazama ile 200.

"Na mtungi akupao tajiri wako," akauliza, "huwa unaanzia hapa?"

Kijana alizungusha kalamu mkononi. "Si kila siku, mama."

Mama akaichukua ile karatasi, akaikunja mara mbili, akaitia katika mkoba wake. Akatuuliza duka la tajiri yule liko mtaa gani.